Nyundo na Herufi za Polepole

Mtu wa kwanza kupigwa na Nyundo alikuwa mumewe. Wa pili alikuwa shemeji yake, aliyekuja kuuliza kwa nini kaka yake kapigwa. Baada ya hao wawili hesabu ilipotea, na waliobaki kama wanataka wajihesabu wenyewe.

Asije mtu akadhani alizaliwa hivyo. Alizaliwa mtoto kama watoto wengine, tena mwembamba, mwenye kulialia. Baba yake alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na alipomaliza darasa la saba mzee alimkabidhi nyundo mkono wa kulia na pande la chuma mkono wa kushoto, akamwambia, "Hiki kikae nyuma ya bati, hii ipige mbele. Ukikosea, unapiga kidole chako, utajifunza mwenyewe." Akajifunza. Kufika miaka ishirini alikuwa na mabega ya mpakia mizigo na vidole viwili visivyokunjika vizuri, na gari lililoingia gerejini limefinyika kama kopo la bia lilitoka na shavu laini la bibi harusi.

Kisha akaolewa na mwanaume aliyedhani mke naye ni bati. Miaka sita alipigwa. Alipigwa kwa sababu ya chumvi, alipigwa kwa sababu ya kuchelewa, siku moja alipigwa kwa sababu mvua ilinyesha. Mwaka wa saba mume aliinua mkono kama kawaida yake, na mke akainua lile pande la chuma. Mfupa wa shavu ulilia kama tawi kavu. Mwanaume akatoka na begi moja, uso umevimba, na hakurudi hata kuchukua viatu. Mke akarudi gerejini kwa baba, na mafundi waliosikia habari wakambandika jina: Nyundo. Baba alipokufa, gereji ikawa yake, pamoja na mafundi wanne na ukuta wa jirani ulioegemea wa kwake.

Kazi ya kugonga bati haikuachii masikio. Sikio la kulia lilikufa akiwa na miaka thelathini na tano. Hilo alilisema wazi. Ambacho hakumwambia mtu ni kwamba la kushoto nalo lilikuwa njiani, sauti zinamfikia kama za watu wanaozungumza chini ya blanketi. Alisoma midomo. Akiwa hakuona mdomo, hakujibu, na watu wakasema ana kiburi. Akawaacha waseme. Kiburi kilimfaa kuliko huruma.

Sasa mtu wa namna hiyo, nusu kiziwi, ana shughuli gani na redio? Hata mdogo wake, nesi wa zahanati, aliuliza hivyo hivyo. "Dada, wewe hata kengele ya mlango huisikii. Utazungumza na nani huko hewani? Malaika?"

Chanzo kilikuwa mlango wa gari. Mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi alileta gari lake lililogongwa ubavuni, na kwenye kiti cha nyuma Nyundo akaona karatasi nyeusi yenye mistari myeupe inayopanda na kushuka, kama ngazi zilizochorwa na mlevi.

"Hii nini, Mwalimu?"

"Jina langu," Mwalimu akasema, akigeuza uso ili midomo ionekane. Alikuwa amefundisha miaka mingi, alijua mtu asiyesikia anavyotazama. "Limesomwa na mtu aliye mbali, bahari mbili kutoka hapa. Na umeme niliotumia hautoshi kuwasha balbu ya tochi."

Nyundo akafikiri mzee anamtania. Mwalimu akaketi juu ya tairi, akamweleza. Kila mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifurahisha hupewa herufi zake, ndizo jina lake hewani, na sheria inamtaka ajitaje. Wengi hujitaja kwa mdomo. Wengine hujitaja kwa ile lugha ya zamani ya nukta na vistari, ti-ti-taa. Lakini kuna kundi la watu wa ajabu wanaorusha kwa nguvu ndogo mno, sauti isiyosikika kwa sikio lolote, iliyozama kabisa katika mvumo wa hewa. Hao hujitaja polepole. Nukta moja dakika nzima. Kistari dakika nzima. Ili visichanganyike, kistari hurushwa juu kidogo na nukta chini kidogo. Kule mbali kompyuta inakusanya ule mnong'ono dakika baada ya dakika na kuuchora kwenye kioo, mstari wa juu, mstari wa chini, mpaka herufi inajitokeza.

"Kwa hiyo husikilizi," Nyundo akasema.

"Husikilizi hata kidogo. Unatazama."

Mlango wa gari la Mwalimu ulinyooshwa siku hiyo hiyo, na Nyundo mwenyewe ndiye aliyeupaka rangi.

Mtihani wa leseni alianguka mara mbili. Mara ya tatu akapita, akiwa na miaka arobaini na sita, amekaa kwenye dawati la shule ambalo magoti yake hayakuingia. Akapewa herufi zake tano, ya mwisho K. Mume alichaguliwa, gereji alirithi, jina la Nyundo alibandikwa. Zile herufi tano peke yake ndizo alizozitafuta kwa kichwa chake. Alizipenda kwa wivu, kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni.

Na tayari alikuwa amekaribia kuzipoteza. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, katika mkutano wa chama cha warusha mawimbi, mwanachama mmoja mchekeshaji alisema mwanamke akipewa nukta na vistari atashonea nguo. Watu walicheka. Nyundo alisoma mdomo wake, akasimama, akamvunja pua kwa kiganja. Damu ilifika mpaka ubaoni. Mwalimu, ambaye ndiye mwenyekiti, alimtetea kwa jasho, na alipomaliza alimshika bega. "Mkono mmoja mwingine, mwanangu, na leseni yako naipeleka mimi mwenyewe ofisi ya masafa. Sitaomba tena." Likaandikwa kwenye daftari la chama.

Miezi kumi na mmoja ikapita, Nyundo hakumgusa mtu. Alipiga bati tu.

Ndipo ikafika wiki ya chama ya kurusha polepole. Wanachama kumi na mmoja, kila mmoja na uzi wake mwembamba wa masafa, mmoja chini ya mwingine kama kamba za kuanikia nguo. Jina zima kwa mwendo ule lingekula karibu nusu saa, kwa hiyo desturi yao ilikuwa hii: mtambo unarudia herufi ya mwisho tu kutwa nzima, na mara moja kila saa unalitaja jina zima kwa mwendo wa kawaida, ti-ti-taa, ili sheria itimie. Kwa mwenye masikio, hiyo ilitosha kujua nani ni nani. Kwa Nyundo, lile jina zima lilikuwa doa tu kwenye kioo, dogo, halina umbo. Orodha ya herufi za mwisho aliibandika ukutani katika chumba cha nyuma ya gereji, juu ya makopo ya rangi.

Jumatatu picha ikaja kutoka kwa mpokeaji wa mbali, ambaye huituma mara moja kwa wiki. Herufi tisa zilionekana, na uzi mmoja ulikuwa mtupu. Mahali pa K palikuwa na vurugu: mistari miwili imelaliana, haisomeki. Mtu amerusha juu yake.

Nyundo aliipiga meza kwa ngumi. Redio ya kupokelea ikaruka, ikaanguka sakafuni, jiwe likapasuka. Wenyewe hukiita jiwe, ni kidude kidogo cha bati chenye kipande cha fuwele ndani, kinachoishikilia redio isihame masafa yake. Akatukana tusi ambalo fundi wa rangi alilisikia barabarani. Kisha akapekua kopo la vipuri, akapata jiwe jingine. Namba yake ilitofautiana kidogo na ile ya kwanza, tarakimu moja mwishoni. Akalitazama, akaona halina shida, akalichomelea mahali pake. Kelele za hewa zikaja kwenye kioo kama kawaida.

Jumanne asubuhi akazima mtambo wake wa kurushia, ili uzi wake ubaki mtupu, akakaa kuvizia. Kazi ya gereji aliwaachia mafundi. Saa tano mstari ukatokea pembeni, haujafika mahali pake, unasogea taratibu sana, kama mtu anayenyata kando ya ukuta. Saa sita kasoro ukaingia katika uzi wake na kutulia humo kama uko kwao. Nyundo akahesabu dakika. Juu. Juu. Chini. Nafasi. Juu. Juu. Chini.

Vistari viwili, nukta moja. G.

Akatazama orodha ukutani. G alikuwa kinyozi.

Akachapisha ile picha. Akaivua aproni akaivaa tena, hakujua anafanya nini. Ndani ya mfuko wa aproni kulikuwa na nyundo ndogo ya kumalizia, ile ya uso wa mviringo.

Kinyozi alikuwa na duka mtaa wa pili, viti viwili na kioo kirefu kilichopasuka kona. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mcheshi, mtu wa kumwita kila mteja bosi. Nyundo alipoingia, alikuwa amemfunga mzee mmoja shuka shingoni, nusu ya kidevu ina povu.

"Karibu, dada Nyundo! Leo tunyoe, au umekuja kuninyoosha mimi?"

"Zima."

"Nizime nini? Feni?"

"Mtambo wako. Umekaa juu yangu tangu juzi. Zima, ukaniombe radhi mbele ya chama."

Kinyozi akacheka, na hapo ndipo alipokosea, maskini. "Dada, mtambo wangu umekufa. Jiwe limekwisha, wiki ya pili hii. Sijarusha chochote. Muulize yeyote."

Nyundo akamfunulia karatasi usoni. "Na hii nani? Babu yako?"

"Inaonekana kama mimi," kinyozi akasema, ameduwaa. "Lakini siyo mimi. Sikiliza jina zima basi, utajua..."

Akageukia kioo akisema hayo, na Nyundo hakuona maneno ya mwisho. Alichoona ni mgongo. Mtu anayempa mgongo akiwa anamuuliza swali. Akamkamata kola, akamgeuza. Kinyozi akainua mkono wenye mashine ya kunyolea kujikinga, na nyundo ikashuka. Mashine ilipasuka, vipande vikaruka. Mkono ukaanguka mezani kati ya vitana, na nyundo ikashuka tena, juu ya vidole, mara mbili, kama mtu anayelaza ukingo wa bati.

Yule mzee wa povu alitoka mbio na shuka shingoni, wala hakurudisha shuka.

"Mkono wangu!" Kinyozi alikuwa amepiga magoti. "Mkono wangu wa kazi, we mama! We mwanamke! Nimekufanyia nini?"

Nyundo aliusoma mdomo ule kila neno. Akairudisha nyundo mfukoni, akaondoka. Njiani watu walimpisha. Na tuseme kweli, alijisikia vizuri. Alijisikia mwepesi, kama aliyetapika chakula kibovu.

Wepesi huo haukufika jioni. Saa tisa mdogo wake aliingia gerejini na sare yake ya kazi, damu ya mtu mwingine kwenye mkono wa gauni.

"Vidole vitatu," nesi akasema, akisimama mbele yake ili aonekane. "Kimoja ukikigusa, mfupa umekuwa unga. Tumemhamishia hospitali kubwa. Hajui kama atashika mkasi tena. Dada, wewe ni mgonjwa?"

"Alikuwa amenikalia hewani. Nina ushahidi."

"Kakukalia. Hewani." Nesi alimtazama kama anavyotazama kidonda. "Ndugu zake wamefunga duka na kukata umeme. Kaka yake mkubwa, yule mvunja mawe, anakutafuta. Mimi nimeshasema."

Akaondoka. Nyundo akaingia chumba cha nyuma, akajikalia mbele ya kioo ili amwone mshindi, yaani yeye mwenyewe. Na kwenye uzi wake, mweupe, bila haya, mstari ulikuwa unaendelea. Juu. Juu. Chini.

Kinyozi yuko hospitali. Duka, ulimo mtambo wake, halina umeme. G anaandikwa na nani?

Alikaa akitazama herufi nne nzima. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu akirusha huwa anachomoa redio ya kupokelea isije ikaungua. Alichomoa antena, akapunguza nguvu ya mtambo wake mpaka ikawa si kitu, akaacha redio ikiwa wazi, akaurushia uzi wake herufi yake mwenyewe. K. Kistari, nukta, kistari. Juu, chini, juu.

Dakika ya kwanza kioo kikachora chini.

Akadhani hajaona vizuri. Dakika ya pili, juu. Dakika ya tatu, chini.

Alitazama jina lake mwenyewe likiwa limepinduliwa miguu juu. Lile jiwe jipya. Namba ile ya mwisho. Jiwe la zamani lilikuwa limekaa chini ya masafa yao, hili lilikaa juu yake, na redio iliyoshikiliwa kutoka juu huona kila kitu kinyume: kinachopanda kinashuka, kinachoshuka kinapanda. Mwalimu alimfundisha hilo, na aliliandika kwenye daftari na kulipigia mstari chini. Na kwa kuwa nukta na kistari vina urefu mmoja, hakuna kitu kingine cha kumshtua mtu. Herufi iliyopinduliwa haionekani mbovu. Inaonekana tu kuwa ya mtu mwingine.

Juu, juu, chini, ukiipindua, ni chini, chini, juu. Nukta mbili na kistari. U.

Hakuwa na haja ya kutazama orodha. U alikuwa Mwalimu.

Na hapo akaelewa hata kule kunyata. Mtambo wa Mwalimu ulikaa darini, chini ya bati la paa. Jua likipanda, bati linachemka, jiwe linapata joto, masafa yanahama kidogo kidogo mpaka yanaingia kwa jirani. Mzee hakumvizia mtu. Alikuwa amelala mchana, mtambo wake unajitaja peke yake, unazidi kupotea njia.

Hakupata muda wa kulia. Mlango wa gereji uligongwa na kitu kizito, na safari hii aliusikia mtikisiko kwenye nyayo. Mvunja mawe alikuwa ameingia na ndugu wengine wawili, na nondo. Kioo cha mbele cha gari la kwanza kikamwagika kama chumvi. Mafundi wake wanne walikuwa wameshashika spana.

"Wekeni chini!" Nyundo akapiga kelele. "Nimesema wekeni chini! Hakuna atakayeinua mkono!"

"Bosi, watakuua," fundi wa rangi akasema.

"Basi watakuwa wameniua mimi, siyo wewe. Weka."

Mvunja mawe alisimama mbele yake. Alikuwa mtu mfupi, kifua kama pipa. "Chukua nyundo yako," akasema. "Sitaki waseme nimempiga mwanamke mikono mitupu."

Nyundo akaitoa ile nyundo ndogo, akaitupa chini ya gari. Pigo la kwanza la nondo lilimpata mtulinga, akasikia ndani ya mwili mlio ambao alikuwa akiusikia kwa wengine tu. La pili lilimpata mbavu. Alipoanguka walimalizia kwa miguu. Meno mawili yalimtoka, akayaona pale kwenye vumbi la msasa, karibu na jicho lake. Walivunja vioo vya magari matatu, wakamwaga makopo ya rangi, na mvunja mawe akainama kumwonyesha mdomo wake vizuri: "Hivi ni kwa leo tu. Tukisikia kidole kimoja hakikuunga, tunarudi."

Mdogo wake alimfunga bandeji nyumbani, akimkaripia kwa kila mzunguko wa kitambaa.

"Jumamosi mkutano," nesi akasema. "Mwalimu ameniuliza kama una ushahidi. Nimemwambia unao. Amesema aliyemfunika mwenzake kwa makusudi anapoteza herufi, hiyo ni sheria kubwa kuliko hii yako ya ngumi. Ukionyesha karatasi, watasema ulichokozwa. Utabaki na herufi zako."

"Karatasi ni ya uongo." Akamweleza habari ya jiwe, kwa mdomo uliovimba, maneno yakitoka nusu nusu.

Nesi aliiweka bandeji chini. Kisha akasogea mbele, uso kwa uso. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Nimechoka kukuchukia, dada, lakini nakujua. Wakikuchukulia hizo herufi utabaki na nini? Utarudi kupiga watu. Kijana mkono umeshavunjika, ukisema kweli hautaunga."

Nyundo akafumba macho. Siku tatu alilala chali, hawezi kugeuka, na mara mbili alimwomba mdogo wake amletee ile karatasi, akaitazama, akairudisha chini ya mto.

Jumamosi asubuhi wanachama walikusanyika darasani, mahali pao pa mikutano, kila mtu kwenye dawati la mtoto. Kinyozi alikaa mbele, mkono ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko, ncha za vidole zimevimba, nyeusi. Hakumtazama Nyundo. Yule mchekeshaji wa pua naye alikuwapo, na pua yake iliyopinda, amefurahi kama yuko harusini.

Mwalimu aliipokea karatasi mkononi mwa Nyundo, akaibandika ubaoni. "Mnaiona. Juu, juu, chini. Kijana, hii ni herufi yako?"

"Ni herufi yangu, Mwalimu, lakini siyo mimi. Mtambo wangu umekufa."

"Kila mwenye kosa mtambo wake huwa umekufa," mmoja akasema nyuma. Wakacheka. Hata mchekeshaji aliafiki kwa kichwa: karatasi ni karatasi. Mwalimu akachukua chaki. Upande wa kushoto wa ubao palikuwa na orodha ya majina yote ya hewani, na mkono wake ukaanza kwenda kwenye jina la kinyozi. Kinyozi aliikumbatia plasta kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa mara ya pili mahali pale pale.

"Mwalimu, ngoja."

Nyundo alisimama kwa kushikilia dawati. Ilimchukua muda kufika ubaoni, mbavu zikimkata. Akaibandua karatasi kwa mkono mzima, akaenda nayo dirishani, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, uso wake ukiangalia nje na kichwa kikiwa chini. Jua likapenya, mistari ikaonekana kutoka nyuma.

"Someni sasa."

"Chini, chini, juu," kinyozi akasema kabla ya wote. Alikuwa amesimama.

"Nilibadilisha jiwe, nikaweka la juu badala ya la chini," Nyundo akasema. "Redio yangu ilikuwa inaona kinyume. Huyu hakurusha kitu. Nimemvunja bure."

Mwalimu alibaki na chaki hewani. "U ni mimi," akasema hatimaye.

"Ni wewe, Mwalimu. Ni bati la paa, jua linapolichemsha. Hukujua."

"Lakini jina zima!" yule mchekeshaji akadakia, na Nyundo akamwomba arudie, akimtazama. "Nasema jina zima! Kila saa mtambo unalitaja, ti-ti-taa. Mtoto angelisikia. Wewe hukulisikia?"

"Sisikii," Nyundo akasema. "Hata la kushoto limekwisha. Nawatazama midomo tu. Ningemwomba yeyote kati yenu anisikilizie dakika moja. Sikutaka mjue."

Kinyozi alitoka kwenye dawati lake. Watu wawili walinyanyuka kumzuia, Mwalimu akawapungia mkono. Kijana akamfikia, akampiga kofi la mkono wa kushoto, kofi la mtu asiyezoea kupiga kwa mkono huo, likampata nusu shavu nusu sikio. Akampiga la pili, na hilo likakaa vizuri. Midomo iliyokuwa imeanza kupona ikachanika. Mkono wa Nyundo ulipanda wenyewe mpaka usawa wa kifua, wote waliuona, na yule mchekeshaji akarudi nyuma dawati zima. Kisha ukashuka.

"Ukiniona njiani," kinyozi akasema taratibu, akihakikisha kila neno linaonekana, "vuka barabara."

"Nitavuka."

Mwalimu alikuwa amezeeka pale pale ubaoni. Alisoma kilichoandikwa kwenye daftari mwaka uliotangulia, sauti ikimtetemeka, ingawa kwa Nyundo ilikuwa midomo tu inayotetemeka. Akauliza nani anaafiki herufi zirudishwe ofisi ya masafa. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Kinyozi akainua wa kushoto. Mwalimu akahesabu tisa, akainua wake akiwa ametazama sakafu, ikawa kumi.

"Na wewe ni mwanachama mpaka nitakapofuta," akamwambia Nyundo. "Una kura yako."

Mkono wa upande mzima ndio ulioweza kupanda. Akaupandisha. Mwalimu akageuka, akafuta herufi tano kwa kiganja, akianzia ile ya mwisho, na Nyundo akasimama akitazama mpaka ya kwanza ikaisha.